Kifaransa Kisomwe kwa Sikio

Wenzangu wengi husoma vitenzi vya Kifaransa kama tusomavyo Kiswahili. Neno "wanasema" lina silabi nne, wa-na-se-ma, nazo zote husikika. Basi wakiona "ils parlent" hutamka "pa-rle-nti". Kumbe "parlent" kwa kawaida ni silabi moja tu, "parl". Ile "-ent" ya wingi ni bubu. Parle, parles na parlent huandikwa mbalimbali lakini husikika sawasawa. Bali parlons na parlez zina silabi mbili.

Kwa hiyo, yafaa walimu watuzoeze sikio kwanza, daftari lifuate. Malori yaendayo Burundi na Kongo hupita hapa Dodoma. Dereva akituuliza jambo kwa Kifaransa, hatasahihisha tahajia yetu, atasikiliza matamshi.