Jaa la Usiku na Heshima ya Mgeni

Kwa miaka mingi, msafiri aliyeingia kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, kabla hajauona mji wa kale wala kuusikia mwadhini, alilakiwa na jaa la Kibarani, kilima cha taka kilichofuka moshi kando ya maji. Nasi wenyeji, tunaojifakhiri kwa ukarimu na unadhifu tuliourithi kwa wazee wetu, tukipita hapo tumeziba pua na tumenyamaza. Jaa lile lilifungwa mwaka 2018, ikapandwa miti mahali pake; na lilipofunguliwa daraja jipya la Makupa mwaka 2022, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la zama za Waingereza yakapata tena njia ya kupita. Ni mambo ya kushukuriwa, nami nayashukuru kwa dhati.

Walakini taka hazikukoma kwa kufungwa Kibarani. Sasa hupelekwa Mwakirunge, bara ya kaskazini, na safari ile ina gharama. Basi mwenye lori asiye na insafu, akiisha kulipwa ujira wa kuzoa taka za hoteli au za duka, huona faida kuzimwaga gizani penye kiwanja kitupu au ukingoni mwa hori ya Tudor, katika mikoko ambamo kamba na samaki wachanga hupata maficho. Bamvua likijaa huzinyanyua, likipwa huzivuta hadi mlangoni mwa bahari, kati ya mji wa kale na Nyali. Na masika yakishuka, mitaro ya Majengo na Kisauni huongeza chupa na vifuniko visivyo na hesabu.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kisha tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumiwa mara moja katika fukwe na hifadhi. Ni amri njema. Lakini amri ya ufukweni haiwezi kuizuia chupa iliyotupwa mtaroni maili kadhaa kutoka ufukweni, ilhali kasa hana habari imetoka wapi.

Kwa hiyo naona si sawa fedha za kuitangaza pwani yetu kwa wageni wa Ulaya zitangulie, na mitaa wanamolala wapishi, manahodha na watandikaji wa vitanda vya hao wageni ikose hata gari moja la taka kwa juma zima. Mafundi wa Lamu walipounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa ndara kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja, walimwengu walituangalia kwa taadhima ambayo matangazo ya kununuliwa ni nadra kuileta.

Sehemu ya ada inayotozwa hoteli na ielekezwe, kwa sheria, kwenye uzoaji wa taka mitaani. Na kila hoteli, kila mwezi, ionyeshe hati ya kuthibitisha kwamba taka zake zilipokelewa Mwakirunge. Isiyo na hati ifikishwe mahakamani pamoja na mwenye lori. Na kesi isikizwe hadharani, hapa hapa Mombasa, wala asisimamishwe kizimbani hamali wa mkokoteni kwa niaba ya tajiri aliyemtuma.