DAWA YA HOMONI KWA AKINA MAMA NI JAMBO LA CHAMA

Ndugu Wanachama,

Katika karatasi hii yetu tumezoea kusoma habari za mshahara, nyumba, buti na saa za kazi. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengine wenu, hasa wanaume, mtataka kufunua ukurasa haraka kwa kuona haya. Nasema juu ya wanawake wanaokoma hedhi, na juu ya dawa ya homoni mbili ambayo wengi huipata kwa kugawiana vichochoroni bila kuonana na daktari.

Kama mtu atauliza gadi wa reli ana shauri gani na mambo ya wake za watu, nitamjibu hivi. Wenzetu wa kike ni makarani wa tikiti, ni wasafishaji wa mabehewa, ni walinzi wa stesheni, na tangu mwaka 2017 wapo hata wanaoendesha injini katika reli mpya ya Nairobi na Mombasa. Wanalipa ada ya chama sawasawa na sisi. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huo ndio umri ambao mfanyakazi anaijua kazi yake barabara. Mama aamkaye mara nne usiku kwa jasho, shuka imelowa, kisha alfajiri awe dirishani anahudumia abiria mia mbili wenye haraka, huyo ana shida ya kazi. Na shida ya kazi ni shida ya chama.

Haya zetu hazina maana. Mimi nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nane tu, lakini hata pale tulisomewa Kitabu cha Mwanzo, ambacho kinataja waziwazi kwamba siku za Sara zilikuwa zimekwisha. Mwalimu alisoma mbele ya wavulana na wasichana na hakuna aliyekufa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni. Umri ukifika, viungo vitoavyo mayai ya uzazi hupunguza kuitengeneza. Hapo ndipo huja lile joto la ghafla kifuani na usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, ukavu wa sehemu za siri na moyo kukasirika bila sababu. Wako akina mama wanaopita bila taabu yoyote, na hao hawahitaji dawa. Wako wengine ambao taabu hukaa nao miaka kadhaa. Kwa hao, hakuna dawa iliyoshinda estrojeni katika kuzuia joto lile, na tena hulinda mifupa isivunjike ovyo.

Lakini estrojeni haitembei peke yake kwa mwanamke aliye na mfuko wa uzazi. Kazi yake moja ni kuukuza utando wa ndani wa mfuko huo. Ikiachwa bila mwenzake, utando hunenepa mwezi baada ya mwezi na mwisho wake unaweza kuwa kansa. Jambo hili lilijulikana wazi huko Marekani mwaka 1975, baada ya wanawake wengi kupewa estrojeni tupu kwa miaka mingi. Kwa hiyo madaktari waliongeza homoni ya pili, ya jamii ya projestojeni, ambayo huuzuia utando usizidi kiasi. Sisi watu wa reli tunaelewa upesi. Ya kwanza ni injini, ya pili ni breki. Hakuna gadi atakayetoa bendera ya kijani kwa gari lisilo na breki, hata kama injini ni mpya namna gani.

Mwanamke aliyekwisha kutolewa mfuko wa uzazi hospitalini yeye kwa kawaida hutumia estrojeni peke yake, na ni sawa kwake. Na hapo ndipo hatari ya kugawiana inapoingia. Namjua mke wa mwenzetu mmoja ambaye aliletewa dawa na jamaa yake aishiye ng'ambo. Zilikuwa plasta za kubandika ngozini, nzuri, safi, joto likaisha kwa majuma machache. Jamaa yule alikuwa ametolewa mfuko wa uzazi zamani, na dawa yake ilikuwa estrojeni tupu. Huyu wetu mfuko wake ulikuwapo. Akabandika zaidi ya mwaka, mpaka damu ikaanza kutoka tena, na majirani wakamcheka kwamba ujana umerudi. Heri mumewe hakucheka. Alimpeleka kupimwa, utando ukakutwa umenenepa, ila haujageuka kansa. Alitibiwa akapona. Plasta ile ilimfaa aliyeandikiwa, na haikumfaa aliyegawiwa.

Basi lishikeni hili. Damu yoyote itokayo baada ya mwanamke kumaliza mwaka mzima bila hedhi ni ya kupelekwa kwa daktari, awe anatumia dawa au hatumii. Anayetumia homoni mbili kila siku anaweza kuona matone katika miezi ya mwanzo, na huenda yakakoma yenyewe. Yakipita miezi sita, au yakikoma kisha yakarudi, aende apimwe. Yule ambaye hedhi zake hazijakoma kabisa, ila zinarukaruka, kwa kawaida hupewa estrojeni kila siku na projestojeni siku 12 hadi 14 za kila mwezi, naye atapata damu kwa mpango. Wengine hupata breki yao kwa koili yenye homoni iwekwayo ndani ya mfuko wa uzazi. Lililo baya ni mama kuacha kidonge cha pili kwa sababu kinamchosha au bei yake imepanda, akaendelea na cha kwanza. Akishindwa na kimoja, asimame vyote viwili na kumwona daktari.

Sasa wako wale ambao hawataki hata kusikia neno homoni, maana waliambiwa kwamba inaua. Hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2002 huko Marekani uchunguzi mkubwa uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya wakati. Wanawake 16,608 wenye mfuko wa uzazi, wa miaka 50 hadi 79, walikuwa wamegawanywa. Wengine walipewa vidonge vya homoni mbili, wengine vidonge visivyo na dawa. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, walionekana wagonjwa 8 zaidi wa kansa ya titi, 8 zaidi wa kiharusi, 8 zaidi wa damu iliyoganda na kufika mapafuni, na 7 zaidi wa moyo. Upande wa pili, kansa ya utumbo mpana ilipungua kwa watu 6, na kuvunjika nyonga kwa watu 5. Habari zilizoenea duniani zilitaja hasara, na mamilioni ya wanawake wakaacha dawa.

Jambo moja halikutangazwa kwa sauti kubwa. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Mama wa miaka 51 mwenye mishipa mizima si sawa na wa miaka 70. Walipohesabu upya kwa umri, ilionekana kwamba mwanamke mwenye taabu kweli, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome, na asiye na ugonjwa unaomkataza, faida kwake kwa kawaida huzidi hasara. Aliyekoma kabla ya miaka 40 madaktari humshauri atumie mpaka afikie umri wa kawaida wa kukoma, kwa ajili ya mifupa na moyo wake.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba hatari haipo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilisema hivi: wanawake 50 wakianza homoni mbili za kila siku wakiwa na miaka 50, wakazitumia miaka 5, atapatikana mmoja zaidi mwenye kansa ya titi kabla hawajafika miaka 70. Mimi naona hiyo ni hesabu ya kuwekwa mezani mbele ya mama mwenyewe, aamue yeye na daktari wake. Asiamuliwe na mume, wala na muuza dawa, wala na mimi.

Na wako ambao dawa hii si yao: aliyepata kuugua kansa ya titi, aliyepata kiharusi au ugonjwa wa moyo, aliyeganda damu mguuni au mapafuni, mwenye ini bovu, na anayetokwa damu isiyojulikana sababu. Kwao kuna dawa nyingine zisizo na homoni. Mwenye presha ashushe presha kwanza. Pia estrojeni ya plasta au ya kupaka ngozini haionekani kuleta damu kuganda kama ile ya kumeza, na mama mnene au mwenye presha aulizie hiyo. Anayetumia akivimba mguu mmoja, akibanwa na kifua, akikosa pumzi, akilegea upande mmoja wa mwili au ulimi ukiwa mzito, asingoje asubuhi.

Tena vidonge vya kupanga uzazi si dawa hii. Homoni zake zina nguvu zaidi, na mama wa miaka 52 asijinunulie akidhani ni mamoja. Nayo dawa hii haizuii mimba. Wapo waliofikiri hivyo na sasa wananyonyesha.

Sasa naja kwa chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu, kwa kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Mama aliyekosa usingizi majuma mawili asiandikwe mvivu na msimamizi wakati haki hiyo ipo. Mishahara yetu inakatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024. Viongozi wetu waende wakaulize kwa maandishi ni vipimo gani na dawa gani za akina mama hawa zimo katika bima hiyo, na jibu libandikwe ubaoni. Waombe pia sare za pamba badala ya zile nzito zishikazo jasho, maji ya kunywa karibu na dirisha la tikiti, na ruhusa ya kubadilishana zamu bila maneno mengi. Hayo hayagharimu hata nusu ya tulichodai mwaka jana tukapewa.

Hoja yangu nimempa karani wa tawi kwa maandishi. Nimeomba aitwe muuguzi wa kike siku ya mkutano ujao, aje na mashine ya kupima presha, na wanaume wabaki ukumbini atakaposema.

Ni mimi mwenzenu,
Gadi wa Reli