GARI KUUKUU SI CHUMA CHAKAVU

Huenda wanachama wakauliza: Kishapu na karafuu wapi na wapi? Kishapu ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, nchi ya pamba na ng'ombe, na ndimo ulimo mgodi wa almasi wa Mwadui, aliouanzisha Dk. John Williamson mwaka 1940. Lakini mkulima wa pamba na mkulima wa karafuu wana shida moja: mazao yakiwa tayari, asiye na gari hutii bei ya mwenye gari. Kwa hiyo gari kuukuu iliyolala chini ya mti, kule au huku kwetu, ni jambo la kufikiriwa na sote.

Katika gari za namna hiyo, ijulikanayo sana ni Kombi ya Volkswagen. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na ya mwisho ilitoka kiwandani Brazili mwaka 2013. Injini yake iko nyuma, nayo katika zile za zamani hupozwa kwa upepo, haina rejeta. Kwa nchi kame hiyo ni neema. Tena ukame wenyewe huhifadhi bati. Visiwani upepo wa chumvi na mvua za masika hula bodi upesi. Kishapu jua huua kwanza mipira, yaani ya breki, ya madirisha na ya magurudumu. Mpira hununuliwa dukani, bali sakafu iliyooza ni kazi kubwa ya kuchomelea.

Maoni yetu ni haya: gari kuukuu isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla fundi hajaikagua. Mnunuzi huyo hupima kwa kilo tu, na akiisha kuikata hairudi tena.

Ukaguzi si mgumu. Chesisi ya Kombi imechomelewa pamoja na bodi, basi nguvu yake imo chini. Choma kwa bisibisi sakafuni na chini ya milango. Ikizama, iache, na uuze vipuri vyake vizima. Ikiwa ngumu, usiwashe kwa pupa. Fungua plagi, tia mafuta kidogo katika silinda zote 4, ngoja siku nzima, kisha zungusha injini kwa mkono. Mwaga petroli ya zamani, maana hunata kama ulimbo, na usafishe tangi. Ondoa vumbi lililoziba kandokando ya silinda, kwani upepo usipopita injini itaungua. Breki zitengenezwe kabla ya kufikiri rangi.

Wako wasemao kwamba ni heri kununua gari iliyotumika kutoka Japani. Pengine ni kweli, na ndiyo sababu hesabu iandikwe kabla ya kufungua hata nati moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nairobi, tangu mwaka 1970, gari kuukuu hushindanishwa kwa uzuri katika Concours d'Elegance, nalo ni jambo jema. Lakini ya mkulima na ishindane kwa kazi: Kombi nzima huchukua robo tatu ya tani hadi tani moja, kwa kadiri ya aina yake.

Basi mwenye gari kama hiyo amwite fundi kabla ya kumwita mwenye mizani.