Kuficha Jedwali Si Kuficha Elimu

Sisi wanafunzi wanne tuliandika maktaba ndogo ya programu kwa lugha ya Ada. Kazi yake ni ngeli za Kiswahili: unaipa jina, inakurudishia wingi wake. Mtoto, watoto, kitabu, vitabu. Ilikwenda vizuri hadi nilipoleta maneno niliyokusanya Kasaji, kwenye reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo. Kule Kiswahili kinaishi pamoja na Kilunda na Kichokwe, na mtoto mdogo ni katoto. Wakiwa wengi ni tutoto. Nikaongeza ka- na tu- katika jedwali letu la ngeli, juu ya mstari wa ki- na vi-. Kesho yake moduli za wenzangu zilikuwa zinasema wingi wa "kitabu" ni "tutabu".

Tulicheka, kisha tukagombana. Moduli zao zilikuwa zinasoma jedwali moja kwa moja, kwa namba ya mstari, nami nilikuwa nimesogeza mistari. Mmoja akapendekeza maneno ya Kasaji yaondolewe, kwani si Kiswahili bora. Hapo ndipo nilipoona uzito wa jambo hili. Usemi wa watu ulikaribia kufukuzwa kwa sababu ya namba ya mstari.

Kosa halikuwa la katoto, lilikuwa la mpangilio wetu. Tangu sanifu yake ya 1983, Ada inagawa moduli sehemu mbili: tangazo, linalosema moduli inatoa huduma gani, na mwili, unaozitekeleza. Ndani ya tangazo lenyewe kuna sehemu ya wazi, halafu neno "private", na chini yake mambo ya nyumbani. Kama jedwali lingewekwa chini ya neno hilo, wenzangu wangeweza kuuliza tu, "Wingi wa neno hili ni nini?" Anayejaribu kushika mstari wa nne kwa mkono wake angekataliwa na kompaila kabla programu haijaanza.

Wako wanaosema kuficha ni ubinafsi, na kwamba elimu ni ya wote. Hoja hiyo naiheshimu, ila haigusi Ada. Sehemu ya "private" imeandikwa katika faili lile lile la tangazo. Mwalimu anaisoma, mwanafunzi anaisoma, na anayeona kosa analisema. Kinachozuiwa ni moduli nyingine kuegemea mambo ya ndani. Sisi wa lugha tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mama anayeuza mihogo sokoni husema "watoto" bila kosa, wala hajali kama sisi tunaiita ngeli ya 1 na 2 au ngeli ya A-WA. Tukibadilisha namba zetu kesho, usemi wake hauharibiki.

Nakubali kwamba kufunga kupita kiasi nako kuna hasara. Kama mwenye moduli peke yake ndiye angeweza kuigusa, Kasaji ingebaki nje milele. Toleo la 1995 lilileta moduli za watoto: Ngeli inaweza kuzaa Ngeli.Katanga, na mwili wa mtoto huona mambo ya ndani ya mzazi wake, wakati wageni wanabaki sebuleni. Lakini mtoto huyo naye hutikisika mzazi akibadilisha mambo yake ya ndani, kwa hiyo watoto wawe wachache, na kila mmoja awe na sababu.

Ombi langu kwa walimu na wenzangu ni dogo. Kabla ya kuandika maktaba nyingine ya lugha katika fakulti hii, tukae kwanza tuandike tangazo: wengine wataruhusiwa kuuliza nini? Yaliyobaki tuyaweke ndani. Tukifanya hivyo, siku mwenzetu atakapokuja na usemi wa Dilolo au wa Kolwezi, hatutamwambia kwamba maneno ya kwao yanaharibu programu. Tutaongeza mstari, na kitabu kitaendelea kuwa vitabu.