Jumamosi Una Nini?

Anayetaka kuota ndoto za kuonekana, zenye rangi na sauti na marehemu wanaomdai hela, akalale kwenye foleni ya malori kati ya Mpemba na mpaka wa Tunduma. Madereva wa masafa marefu watakuambia hivyo wenyewe, wengine kwa utani, wengine huku wakishika rozari iliyoning'inia kiooni. Kitanda kiko nyuma ya usukani na hakimtoshi mtu kujigeuza. Umepitiwa na usingizi saa sita, saa nane honi zinalia: foleni imesogea. Utingo anagonga mlango, unawasha injini, unasogea urefu wa magari matatu, unazima, unavuta blanketi. Tunduma ni mji wa baridi, na Julai baridi yake haina masihara. Saa kumi, honi tena. Kufika asubuhi umeshaoa, umezikwa, umepandishwa kizimbani Lubumbashi kwa kosa usilolijua, na bado uko palepale nyuma ya tangi la mafuta.

Hakuna uchawi hapo. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika kwamba usingizi una vipindi ambavyo macho hukimbia huku na huko chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa ndani ya kipindi hicho, mara nyingi atakusimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Aliyelala nyumbani kwake mpaka asubuhi naye ameota, tena sana, ila ndoto zake nyingi zimempita kimya. Dereva wa foleni huamshwa zikiwa katikati, ndiyo maana anazikumbuka.

Mji huu una waotaji wengine, na hao husemwa kwa sauti ya chini. Kwa miaka mingi, watu wengi wanaotumia dawa za kufubaza VVU nchini walikuwa wakimeza kidonge kimoja cha usiku ambacho ndani yake mlikuwa na efavirenzi. Dawa hiyo iliokoa maisha ya wengi. Ilikuwa pia na tabia ya kuleta ndoto kali, hasa wiki za mwanzo, na hasa ikimezwa juu ya chakula chenye mafuta mengi. Watafiti walikuja kuonyesha kwamba Waafrika wengi wamezaliwa na vinasaba vinavyoufanya mwili uiondoe dawa hiyo polepole, kwa hiyo dozi ileile ya Ulaya kwao ilizidi damuni. Kwenye kliniki ya VVU (CTC), mhudumu mwenye nafasi alimweleza mgonjwa: meza unapokwenda kulala, chipsi kuku iache kwanza. Asiyeelezwa alirudi nyumbani akaamini amerogwa. Tangu 2019 Tanzania imehamia kwenye kidonge chenye dolutegraviri, na kwa wengi ndoto zile zimebaki simulizi.

Nimewataja hao kwa sababu ya kitu kidogo walichokuwa nacho mfukoni, yaani kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi. Mtu aliyekuwa amejihesabu kuwa marehemu alipewa karatasi inayosema kwamba mwezi ujao, siku fulani, kuna mahali anasubiriwa. Dawa ilifanya kazi yake ya dawa. Mimi naamini na ile tarehe ilikuwa na kazi yake.

Toleo hili linahusu ndoto za usiku na jambo ninaloliona kuwa ndugu yao wa damu, yaani kuwa na kitu mbele cha kukisubiri. Undugu huo si wa maneno tu. Mwaka 2007 Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao wa London (Hassabis huyohuyo aliyepata Nobel ya Kemia 2024 kwa kazi nyingine kabisa) walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa walioumia sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Waliwaomba wafikirie jambo ambalo halijatokea: umelala ufukweni, eleza unachokiona. Wengi wao walishindwa. Walitoa vipande vipande visivyoungana kuwa mahali pamoja. Walipopoteza jana, uwezo wa kuiona kesho nao uliathirika. Kinachotengeneza picha ya mbele kinatumia malighafi iliyokwisha kuwekwa ghalani, mchanga huu, harufu ile, sauti ya mtu fulani, na ndoto nayo huokota humohumo. Kwa hiyo picha ya kesho isiyokuwa na malighafi haina uzito. Haiwezi kumwamsha mtu.

Hapa ndipo ugomvi wangu na mahafali ya shule unapoanzia. Mgeni rasmi anasimama, anamwita mtoto mbele, anamuuliza ana ndoto gani. Mtoto anajua jibu linalotakiwa: rubani, daktari, mhandisi. Makofi. Hakuna aliyemuuliza Jumamosi ana nini. Nimekutana na vijana wengi wa hapa mpakani, wabeba mizigo, wabadilisha kwacha, wauza laini za simu, ambao ndoto zao ni kubwa na zimepambwa vizuri, ila kati ya leo na ndoto hiyo hakuna hata siku moja iliyotiwa alama. Kijana wa namna hiyo anaitwa mvivu. Nadhani ni njaa, njaa ya siku za karibu. Mpe mechi ya Jumapili, mpe zamu yake kwenye kikoba, mpe ahadi ya fundi kwamba Alhamisi ataanza kumfundisha kuchomelea, uone anavyotembea. Tunduma hata mwaka mpya tunaweza kuupata mara mbili, kwa kuwa saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja: ukishapiga kelele upande huu, vuka barabara uingie Nakonde uanze kuhesabu upya. Ni burudani ya bure na sioni tukiitumia ipasavyo.

Nitaambiwa kwamba bila ndoto kubwa tusingekuwa na reli. Ni kweli. TAZARA ilikataliwa na Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi kabla China haijakubali kuijenga, na Nyerere na Kaunda hawakuiachia. Ujenzi ulianza 1970, reli ikafika hapa Tunduma 1973, ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini sidhani kama waliokuwa kwenye kile kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja kupita sehemu nyingine zote, waliamka kila alfajiri kwa ajili ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mtu huamka kwa ajili ya daraja lililobaki, na mshahara, na barua kutoka nyumbani.

Jambo hili la kusubiri siku lina upande wake wa hatari, na nisingependa toleo hili lilifiche. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, anamkumbuka mfungwa mwenzake aliyeota, Februari 1945, sauti ikimwambia kwamba mateso yao yangekwisha tarehe 30 Machi. Yule mtu alijaa matumaini. Machi ikasonga, habari za vita hazikuonyesha dalili. Tarehe 29 homa ikampanda, tarehe 30 akapoteza fahamu, tarehe 31 akafa. Ilikuwa homa ya chawa, lakini Frankl aliamini kwamba tumaini lililovunjika ndilo lililoufungulia ugonjwa mlango. Wapo huku kwetu wanaouza tarehe za namna hiyo. Nabii anasema ndani ya siku saba mlango utafunguka, mganga anaitafsiri ndoto na kukutajia mwezi wa utajiri. Tofauti kati ya hizo na tarehe ya kadi ya kliniki iko wapi? Tarehe ya yule mfungwa wa Frankl ilikuwa moja tu, haikuwa mikononi mwa mfungwa yeyote, na nyuma yake hapakuwa na nyingine. Yusufu alipoifasiri ndoto ya Farao, alitaja miaka, kisha akashauri nafaka iwekwe akiba.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanalijua hili kuliko wahubiri. Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa kumi na moja hivi, mibuni inatoa maua meupe yanayodumu siku chache tu kabla ya kunyauka. Aliyekuwa safarini anayakosa. Kuanzia hapo mwenye shamba anahesabu miezi, na kati yake kuna kazi zenye zamu: kupalilia, kupogoa, kupiga dawa, mpaka katikati ya mwaka matunda yanapoiva na kuchumwa. Kisha kukoboa, kuosha, kuanika kwenye vichanja huku ukiyageuza na kuchambua kwa mkono buni mbovu moja moja, kazi ya kinamama na watoto na redio. Kisha chama cha ushirika (AMCOS), mnada, na malipo. Ada, bati na mahari vyote huahidiwa kwa kahawa. Bei haijui mtu, na bei imewahi kuwaliza watu. Mwezi, hata hivyo, unajulikana. Mwaka ukienda vibaya, mvua za kwanza zikirudi maua yanatoka tena. Ahadi ya kahawa hujirudia, na sehemu yake kubwa inapitia mikononi mwa anayesubiri.

Zimbabwe wameligeuza jambo hili la kumpa mtu siku ya kurudi kuwa tiba. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza Mbare, mjini Harare, kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Bibi hakupi nasaha za jumla. Anakusikiliza mpaka umwage yote, anakuuliza lipi kati ya hayo tuanze nalo, mnapanga hatua moja, kisha anakwambia urudi siku fulani umweleze imekwendaje. Utafiti uliohusisha watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi, jirani zetu wa Ileje, na Zanzibar pia. Tunduma ina bibi wengi wenye masikio. Benchi ni kazi ya seremala ya siku moja.

Narudi kwenye foleni, maana nayo inahitaji mtu wa kuisemea. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Oktoba 2019 na Marais Magufuli na Lungu kilikuja kupunguza usumbufu wa mzigo mmoja kukaguliwa mara mbili. Hata hivyo foleni ndefu hazijaisha, na kinachowachosha madereva si urefu wake peke yake. Dereva aliyeambiwa utavuka Jumatano jioni anafua nguo, anampigia mkewe, anapanga chakula. Asiyeambiwa kitu anakaa akitazama taa za nyuma za mwenzake. Mei 2020 Rais Lungu alipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, swali kando ya barabara hii lilikuwa moja tu: lini? Wanaosimamia mpaka wanaweza kumpa kila dereva namba na kukadiria siku yake, kisha kubandika makadirio hayo kando ya foleni kila asubuhi. Yakikosewa kwa nusu siku, hakuna atakayekufa.

Mchangiaji wetu mmoja, dereva wa zamani, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema aliyezoea njia hii huacha kabisa kuuliza lini, hucheza drafti, huivisha maharage yake chini ya trela, na kwamba wanaougua moyo ni hao wanaoangalia kalenda. Nimeijaribu hoja yake kwa kila upande na bado naiona ina tundu, lakini ameiandika vizuri kuliko nilivyoandika yangu. Nimempa ukurasa wa kwanza.