Uwanja wa Afcon unakuja Arusha, njumu bado zinachaguliwa kwa rangi

ARUSHA inajiandaa kupokea Afcon. Uwanja mpya wa watazamaji 30,000 unaojengwa Olmoti ndio habari ya mjini tangu CAF ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za 2027, Septemba 2023. Kila dogo anayepiga danadana kuanzia Ngarenaro hadi Usa River ana picha ya nyasi hizo kichwani.

Lakini kabla hajafika kwenye nyasi za Olmoti, dogo huyo anacheza kwenye udongo. Na hapo kuna jambo ambalo vijiwe vya soka havilizungumzi sana. Ananunua njumu kwa kuangalia rangi, jina la kampuni na staa anayezivaa. Akifika kwa muuzaji anatajiwa bei na kuulizwa namba ya mguu, basi. Uzito wake, nafasi anayocheza na aina ya uwanja anaoutumia havimo kwenye mazungumzo.

Linaonekana jambo dogo, lakini linaweza kumfanya kijana atundike daluga kabla hajafikisha miaka 20.

Kiangazi na masika

Viwanja vingi vya mitaani vya Arusha viko juu ya udongo wa volkano wa Mlima Meru. Kiangazi udongo huo unakauka na kuwa mgumu, na juu yake kunakaa vumbi laini linaloteleza. Masika, kati ya Machi na Mei, unageuka tope linaloganda kwenye soli hadi mchezaji anahisi amebeba tofali mguuni. Uwanja ni ule ule, ila ndani ya mwaka mmoja unakuwa viwanja viwili.

Kijana akipanda hadi kucheza Sheikh Amri Abeid anakuta nyasi za asili. Timu ikisafiri kwenda Nyamagana jijini Mwanza au Kaitaba mjini Bukoba, anakuta nyasi bandia. Hizo ni hali nne tofauti, na wachezaji wengi wana jozi moja tu ya viatu kwa zote.

Watengenezaji wa njumu wanalijua hilo, ndiyo maana wanaandika herufi mbili kwenye kiatu au kwenye boksi lake. FG ni ya nyasi za asili kwenye ardhi kavu kiasi, yenye meno ya plastiki ya urefu wa kati. SG ni ya uwanja uliolowa, ina meno machache, marefu, mara nyingi ya chuma. AG ni ya nyasi bandia, ina meno mengi mafupi. TF ina vijino vidogo vya mpira soli nzima, na ndiyo inayokaa vizuri zaidi kwenye ardhi ngumu, ukiwemo udongo mkavu.

Sasa angalia kinachotokea mtumbani. Mzigo mwingi unatoka nchi za baridi na mvua, na ndani yake zimo SG zenye meno ya chuma. Zinang'aa na zinaonekana za kiprofesheno. Kijana anazibeba, anaenda kuzivaa Julai kwenye uwanja uliokauka kama sakafu. Meno hayazami hata kidogo. Anabaki amesimama juu ya ncha sita, na kila akigeuka enka inacheza.

Kilo zako zina kazi

Baada ya uwanja, kinachofuata ni uzito, na hapa ndipo wengi wanapopitwa. Mchezaji anapokimbia, mguu unatua chini kwa nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Beki wa kati mwenye kilo 85 na winga mwenye kilo 58 wakivaa njumu za aina moja kwenye nyasi laini, meno ya beki yanazama zaidi na yanashika zaidi. Akitaka kugeuka ghafla kumfuata straika, mwili unazunguka lakini mguu umebaki umekamatwa. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye goti.

Winga mwepesi ana shida ya upande wa pili. Meno marefu na magumu yanaweza yasizame vya kutosha kwa kilo zake, hasa ardhi ikiwa ngumu. Soli ngumu nayo inagoma kukunjika, hivyo mguu unachoka mapema. Kiatu kinachompa beki mzito uimara kinaweza kumnyima winga mwepesi kasi yake, ambayo ndiyo silaha yake.

Aina ya uchezaji inakuja ya tatu. Kuna meno ya duara na kuna meno bapa. Meno bapa yanashika vizuri kwenye mbio za moja kwa moja na kusimama ghafla, kwa hiyo straika anayeishi kwa kukimbilia mipira ya nyuma ya mabeki anaweza kuyapenda. Meno ya duara yanauruhusu mguu kuzunguka kirahisi zaidi. Kiungo anayepokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, au beki wa pembeni anayebadili mwelekeo kila dakika, anafaidika zaidi na hayo.

Wenzetu wa kwenye theluji

Kuna mchezo mmoja ambao suala hili halina mjadala kabisa, nao ni skii, ule wa kuteremka mlimani juu ya theluji. Mteja akiingia dukani Austria au Uswisi anaulizwa kilo zake, urefu wake, umri wake na anavyoteremka: kwa tahadhari, wastani au kwa fujo. Mzito anapewa skii ndefu na ngumu zaidi, kwa sababu mwepesi hawezi kuzikunja. Kisha fundi anafunga kishikizo cha buti kwa kipimo kinachotokana na majibu hayo, ili mtu akianguka vibaya buti lichomoke lenyewe kabla mguu haujavunjika.

Njumu haina kishikizo cha kuchomoka. Meno yakinasa chini, hakuna kinachoachia isipokuwa goti au enka. Kwa hiyo mchezaji wa mpira alipaswa kuwa makini kuliko hata yule wa skii, si kinyume chake.

Soka lenyewe lilishalijua hili zamani. Fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954 mjini Bern, Ujerumani Magharibi waliingia kucheza na Hungary iliyokuwa imewapiga 8-3 kwenye makundi. Mvua ilikuwa inanyesha. Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, alikuwa amewaletea njumu ambazo meno yake yanafunguliwa na kubadilishwa, wakafunga marefu kwa ajili ya uwanja uliolowa. Walitanguliwa 2-0 ndani ya dakika nane, wakashinda 3-2. Viatu peke yake havikuleta kombe, lakini timu ile iliuangalia uwanja kwanza, kisha ikachagua meno.

Kwa upande wa majeraha, watafiti wa Marekani waliwafuatilia wachezaji 3,119 wa sekondari wanaocheza ule mpira wao wa Kimarekani, kwa misimu mitatu. Waliovaa viatu vyenye meno marefu kuzunguka kingo za soli walichanika zaidi kano ya mbele ya goti kuliko waliovaa aina nyingine. Mchezo si ule wetu, ila goti ni lile lile.

Nani anabeba gharama

Kano hiyo ikichanika, mchezaji anakaa nje kwa miezi sita hadi tisa, na mara nyingi zaidi ya hapo. Rodri wa Manchester City iliyemkuta Septemba 2024, na mwezi uliofuata alipanda kuchukua Ballon d'Or akitembelea magongo. Alikuwa na madaktari wa klabu, na mshahara wake ulikuwa unaendelea kuingia.

Kijana wa Unga Limited anayecheza ndondo hana hayo. Upasuaji ni mzigo wa familia, mazoezi ya kurudisha goti ni bahati, na mara nyingi hadithi inaishia kwa "alikuwa mchezaji mzuri sana yule, basi tu goti".

Mwamuzi naye hawezi kumsaidia sana. Sheria ya 4 inakataza kifaa cha hatari, na kweli waamuzi hukagua soli kabla ya mechi. Wanachotafuta hasa ni meno yenye ncha kali yanayoweza kumchana mpinzani. Njumu za chuma zilizo safi zitapita ukaguzi hata kama uwanja ni mkavu kama lami.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa makocha na viongozi wa timu. Timu za mkoa huu kama Mbuni FC na TMA Stars zina benchi la ufundi linaloweza kuliweka jambo hili kwenye mpango wa msimu. Timu za mtaa na akademi hazina bajeti hiyo, lakini kocha kugeuza soli ya kiatu cha kila mchezaji siku ya kwanza ya mazoezi hakuhitaji hata senti. Mwenye chuma kwenye udongo mkavu aambiwe avue.

Mzazi au mchezaji anayeingia Kilombero na hela ya jozi moja anapaswa kwenda na majibu ya maswali matatu. Anacheza wapi siku nyingi za mwaka? Ana kilo ngapi? Anageuka sana au anakimbia mbele tu? Kwa wengi wa Arusha, hasa wanaocheza mchangani, majibu yatawapeleka kwenye TF au kwenye njumu za meno mafupi ya duara, hata kama pembeni yake kuna SG za rangi ya dhahabu kwa bei ile ile. Hela ya jozi ya pili ikipatikana, ndipo anunue za masika.

Olmoti itapata nyasi zake. Kama Arusha inataka vijana wake wawe uwanjani siku hizo badala ya jukwaani, ianze na viatu walivyovaa leo kwenye vumbi.