Papa Anasahau Kujihesabu



Toleo hili linawafikia mbele ya tarehe 1 Agosti. Mnajua, hapa kwetu Kongo siku ile ni ya wazazi, kazi zinafungwa. Asubuhi tunabeba jembe na ufagio, tunaenda makaburini kulima majani na kusafisha pale walipolala wale waliotutangulia. Kisha saa sita tunarudi nyumbani kukaa na wazazi walio wazima, kula nao na kucheka nao.

Sasa, mimi mchungaji wenu nimeona jambo. Siku ile mama anapata kikwembe kipya, anaimbiwa, anapigwa picha. Na papa anapata nini? Soksi. Mwaka jana papa mmoja wa kanisa letu alipewa leso ya mfukoni. Akaigeuza, akaitazama, akauliza: "Hii ni ya kulilia?"

Basi mwezi huu tuzungumze juu ya wapapa, tena tucheke kidogo. Lakini tucheke vizuri, maana vicheko ni viwili. Someni Mwanzo 9: Hamu aliona aibu ya baba yake, akaenda kuitangaza inje. Wandugu zake wawili wakachukua nguo, wakatembea kinyumanyuma, wakamfunika. Nafikiri wale wawili nao walikuwa karibu kucheka, kwa sababu kutembea kinyumanyuma na nguo mabegani si mchezo. Lakini mikono yao ilikuwa inafunika. Kicheko chetu kiwe cha namna ile.

Kila nyumba inamjua papa huyu. Ana kiti chake, na ukikaa pale anasimama tu mbele yako, hasemi kitu, mpaka wewe mwenyewe unasikia kiti kinakuwa moto. Firigisi ya kuku ni yake, hata kama kuku imekuwa ndogo sawa njiwa. Akitaka kukuita wewe, anapita kwanza kwa majina ya wandugu wote, anaita na jina la imbwa, ndipo anafika kwako: "Weye pale, kuya!" Ukimuomba viatu vya masomo anajibu: "Nitaona." Ukirudi nyuma ya juma moja anasema: "Uliza mama yako." Na kitu chochote kikivunjika, redio, mlango, mguu wa meza, yeye iko na dawa moja tu: waya na kipande cha mpira wa kinga.

Papa yangu alikuwa hivi vyote, tena aliongeza moja. Alikuwa anatuhesabu.

Alifanya kazi ya shaba, chini ya udongo, na tulikaa kambini. Nyuma ya sirene ya kazi tulikuwa tunangoja kengele ya kinga yake barabarani. Kinga ile! Siku ya posho aliiosha kama mtoto mchanga, akaipangusa mafuta, akaiingiza ndani mbele ya watu kuingia. Sisi tulikuwa saba, lakini tulizoea kusema: "Papa iko na batoto munane, na wa kwanza njo kinga."

Basi, akiisha kuingiza mtoto wake wa kwanza, mbele ya kunawa, hata mbele ya kujibu salamu ya mama, anasimama mlangoni, kidole mbele: "Moja, mbili, tatu..." mpaka saba. Kisha anasema: "Bako bote." Ndipo anavua viatu. Kila siku. Wenzetu wa kambi walitucheka, na sisi wenyewe tulikuwa tunamwigiza akiwa kazini.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, mimi huyu anayewahubiri leo nilifanya hila. Nilivalisha mtoto wa jirani shati yangu, nikamkalisha mahali pangu katika mstari, mimi nikaingia chini ya kitanda. Papa akafika. Kidole mbele. "Moja, mbili, tatu, ine, tano, sita, saba." Kimya. Mimi nilikuwa nauma blanketi juu ya kicheko.

Papa akasema pole pole: "Bako saba. Lakini huyu wa tatu haiko wangu. Wangu iko na masikio kubwa." Kisha akainama kidogo: "Utoke kule chini, masikio inaonekana."

Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Mtoto wa jirani alikula bukari na sombe pamoja nasi jioni ile, na kesho yake alirudi kuuliza kama kuhesabu kutakuwa tena.

Nilipokuwa mkubwa kidogo ndipo nilielewa. Kule mgodini kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba yake. Akishuka, kibati kinatundikwa ubaoni. Akipanda, anakitoa. Mwisho wa kazi mkubwa wa zamu anatazama ubao. Kama kibati kimoja kimebaki, basi mtu mmoja iko bado chini, na wenzake hawaendi nyumbani, wanaanza kumtafuta. Papa hakutuambia mengi. Mara moja tu, jioni, alisema juu ya rafiki yake: "Kibati yake ilibaki." Akanyamaza. Tangu siku ile sikucheka tena kidole chake kwa namna ya kwanza.

Vijana, sikieni kidogo mambo ya zamani. Union Minière ilianza mwaka 1906. Mwanzo wafanyakazi walikuja peke yao, wakarudi kwao. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikaanza kutaka mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi na watoto. Ikatoa nyumba, ikatoa posho ya unga, ikajenga masomo na hospitali. Watu wakazoea kusema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Papa wa nyumba akawa kama mtumishi tu wa kuleta posho ya yule baba mkubwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Ninyi wazee mnakumbuka. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukalala zaidi ya miaka 30, ukaanza tena kutoa mali mwaka 2024. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliandikwa katika mpango wa kuondoka kazini. Jamaa nyingi zilisikia kama zimefiwa na mzazi. Nyumbani kwetu pia mshahara ukawa kitu cha kungojea, halafu ukawa kitu cha kukumbuka.

Nani alitulisha? Siwezi kuficha: mama. Aliuzisha mikate, kisha unga, kisha makala. Wapapa wengi wa wakati ule walijifungia ndani kwa haya, wengine wakaingia katika pombe. Papa yangu naye alikaa siku nyingi kitini bila neno. Kisha asubuhi moja akatoa kinga, akafunga mfuko wa unga wa mama nyuma, akausukuma mpaka sokoni. Wenzake wa kazi wakamcheka barabarani: "Wee, unabeba unga ya bibi?" Akajibu: "Kinga haijue unga ni ya nani."

Na jioni alirudi, akasimama mlangoni, kidole mbele. Kampuni haikuwa tena na hesabu yake, lakini yeye aliendelea na hesabu yetu.

Mwaka 1999 usiku mmoja hesabu haikufika. "Sita." Mdogo wangu wa miaka 15 alikuwa amefuata vijana wanaoenda kuchimba mawe ya shaba katika mashimo. Papa hakuvua viatu. Alichukua kaske yake ya zamani na toshi, akapanda kinga, akaenda katika giza.

Alituelezea baadaye. Alifika pale, akapita shimo kwa shimo, akauliza vijana waliokaa juu: "Bako bangapi kule chini?" Hakuna aliyejua. Mmoja alisema kumi, mwingine akasema labda kumi na tano. Papa, mwenye kushuka chini ya udongo miaka thelathini, alisema ni kule ndiko aliogopa sana katika maisha yake, si juu ya udongo kuanguka, lakini juu ya watu kushuka bila mtu wa kuwahesabu.

Asubuhi kengele ya kinga ililia. Mdogo wetu alikuwa amekaa nyuma, mwekundu wa vumbi, akingoja fimbo. Mama alikuwa amekwisha kuandaa maneno mengi. Papa akamsukuma pole katika mstari wetu, akasema neno moja tu: "Saba." Akaenda kulala.

Nyuma ya juma moja tulitafuta kinga mahali pake, haikuwa. Tulifikiri mwizi. Kumbe mtoto wake wa kwanza alikuwa ameuzishwa, na mdogo wangu alikuwa na feza ya masomo kwa mwaka ule. Papa alipoulizwa na mama kinga iko wapi alijibu: "Nitaona."

Wapenzi, katika Luka 15 Bwana wetu alisimulia juu ya watu watatu wenye kujua hesabu. Mchungaji aliona kondoo wake ni tisini na tisa. Mama aliona vipande vyake vya feza ni tisa. Na baba mwenye wana wawili aliona meza yake imebaki na mmoja, akawa anatazama barabara. Mtu asiyependa hahesabu. Ukisikia papa anauliza usiku, "Huyu mwingine iko wapi?", usikasirike ukisema anakufuata sawa polisi. Anatazama ubao wake wa vibati.

Najua kuna msomaji anayesema: "Mchungaji, wangu hakunihesabu. Alienda." Pole sana, ndugu yangu. Sitakuambia ucheke pale unapoumia. Lakini tazama vizuri kama hakuna mwingine aliyekuhesabu: muyomba aliyelipa masomo, kaka mkubwa aliyeacha yake ili wewe uendelee, shemasi aliyeuliza sababu hukuonekana Siku ya Mungu. Huyo naye apewe siku yake. Na kama wewe ndiwe papa uliyeenda, barabara ya kurudi ingali pale. Anza na kuuliza wako wangapi, na namna gani wanaishi.

Nimalize na 1 Agosti ya mwaka jana. Asubuhi tulienda kusafisha kaburi la mama. Papa alilima majani mwenyewe, hakukubali mtu kumsaidia. Nyuma ya saa sita tulikuwa kwake, watoto na wajukuu, mbabula mbili za moto, kuku nne. Kambo akasimama mlangoni na fimbo yake, akaanza kazi. Lakini wajukuu wa leo hawasimami katika mstari! Mara ya kwanza akapata kumi na nane. Mara ya pili makumi mawili na moja. Mara ya tatu akahesabu mtoto wa jirani, akakasirika, akaanza tena.

Binti yangu mdogo, wa miaka sita, akamhurumia. Akaenda kushika kidole chake, akakigeuza, akakiweka juu ya kifua cha kambo mwenyewe. "Kambo, unajisahau. Moja njo weye."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tukamletea maji. Alipopangusa macho alisema: "Kule kazi balikuwa banahesabu miye kila siku. Ku nyumba, njo leo."

Sote tulikuwa wakubwa pale, na mchungaji katikati yetu, na hakuna hata mmoja aliyepata neno la kujibu. Kwa bahati firigisi ilikuwa tayari. Tulimpa zote ine.

Basi, jamaa zangu, kazi ya mwezi huu ni nyepesi. Wakati wa maombi ya jioni, kila nyumba ijibu maulizo haya matatu: Papa wetu ana mazoea gani ya kutuchekesha? Ni kitu gani aliacha au aliuzisha kwa ajili yetu, ambacho hakutuambia? Na lini mara ya mwisho tulimwambia asante akiwa anasikia? Tarehe 1 Agosti asubuhi mtasema maneno mazuri makaburini. Wekeni mengine ya saa sita, kwa yule aliye mzima, aliyekaa kitini na soksi zenu mkononi.

Nanyi wapapa, nawasihi: siku ile msiseme "Nitaona". Kubalini mapendo ya watoto wenu. Na mkihesabu, mwanze na ninyi wenyewe.

Mungu abariki nyumba zenu. Tutaonana katika toleo linalofuata.

Mchungaji wenu